Mfuasi na Mwalimu Wake

(Evanjili ya Mtakatifu Luka, sura ya 6, mistari 39 mpaka 42)

Usiku mmoja Bwana Yezu alipanda mlimani kusali. Akasali usiku kucha. Kulipopambazuka aliwaita wafuasi wake, akachagua watu kumi na wawili kati yao, akawapa jina la Mitume. Kisha akashuka pamoja nao mpaka mahali palipo sawa. Hapo watu wengi sana walikuwa wamekusanyika. Wengine walitoka Yerusalemu na nchi yote ya Yudea. Wengine walitoka mbali, pwani ya Tiro na Sidoni. Walikuja kusikia maneno yake na kuponywa magonjwa yao.

Siku ile Yezu alifundisha mambo mengi. Katikati ya mafundisho hayo alisema maneno machache juu ya walimu na wafuasi. Maneno hayo ni mafupi, hata mtoto anaweza kuyashika kichwani upesi. Lakini kuyatimiza ni kazi ya maisha yote.

Kwanza, Yezu aliuliza kama kipofu anaweza kumwongoza kipofu mwenzake. Je, hawataanguka shimoni wote wawili? Pili, alisema kwamba mfuasi hampiti mwalimu wake. Lakini akiisha kutengenezwa vizuri, atafanana naye. Tatu, alisema juu ya mtu anayeona kibanzi ndani ya jicho la ndugu yake, lakini haoni boriti iliyo ndani ya jicho lake mwenyewe.

Angalieni vema saa Yezu aliyosema maneno hayo. Kadiri ya Mtakatifu Luka, Mitume walikuwa wamechaguliwa asubuhi ile ile. Walikuwa hawajatumwa bado kufundisha mtu hata mmoja. Yezu aliwaonya kabla ya kuwatuma.

1. Vipofu wawili na shimo

Katika nchi ya Palestina mvua hainyeshi karibu miezi sita ya mwaka. Vijito vingi vinakauka. Kwa sababu hiyo watu wa zamani walichimba mashimo katika mwamba, ili kuweka akiba ya maji ya mvua. Shimo la namna hiyo lina mdomo mwembamba, lakini ndani ni pana, kama kibuyu. Kuta zake zilipakwa chokaa ili maji yasipotee. Mtu akianguka ndani, ni shida kubwa kutoka peke yake, kwa maana hakuna pa kushika wala pa kukanyaga.

Maandiko Matakatifu yanasimulia habari za mashimo hayo. Yosefu alitupwa na ndugu zake katika shimo lisilo na maji. Nabii Yeremia aliteremshwa kwa kamba katika shimo lenye matope, akazama katika matope yale, mpaka watu wenye huruma walipomvuta na kumtoa. Sheria ya Musa ilisema hivi: mtu akifunua shimo na kuliacha wazi, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia ndani, mwenye shimo hana budi kulipa. Basi watu waliomsikiliza Yezu walijua vizuri shimo ni kitu gani.

Walijua vipofu pia. Magonjwa ya macho yalikuwa mengi katika nchi ile, na vipofu walikaa kando ya njia wakiomba sadaka. Evanjili inataja jina la mmoja wao, Bartimayo wa Yeriko.

Katika Kongo pia wako vipofu. Kando ya mito yenye maji ya mbio wanaishi inzi wadogo weusi. Wanauma watu na kuwaambukiza ugonjwa unaoharibu macho. Ndiyo maana katika vijiji vingine mzee kipofu hutembea akishika ncha moja ya fimbo, na mjukuu wake anatangulia akishika ncha ya pili. Mtoto huyo ni mdogo, hana nguvu nyingi. Lakini ana macho, na babu anamfuata bila hofu. Kama ncha ile ingeshikwa na kipofu mwingine, hata akiwa mtu mwenye nguvu na sauti kubwa, safari ingeisha vibaya.

Yezu hakuwadharau vipofu. Aliwahurumia na kuwaponya wengi. Hapa anamwonya mtu asiyeona anayejifanya kuona. Kutojua si kosa, kwani kila mtu alianza kwa kutojua. Hatari ni kutojua na kutaka kuwaongoza wengine, bila kukubali kuongozwa.

Fikirini juu ya mfano huu. Katika shule moja mwalimu wa kalasi ya tatu alishikwa na homa. Mkubwa wa shule alimchagua mvulana mmoja wa kalasi ya sita aende kuwaangalia wadogo wakati wa hesabu. Mvulana alifurahi sana. Alishika chaki, akasimama wima mbele ya ubao, akaanza kuandika hesabu za kuzidisha. Alipofika mara saba kwa nane, alisita kidogo, kwani hakuishika vizuri hesabu hiyo. Kitabu kilikuwa juu ya meza. Lakini aliona haya kukifungua mbele ya watoto wadogo. Akaandika 54. Watoto arobaini wakaandika 54. Kisha wakaimba hesabu hiyo kwa sauti moja mara kumi.

Mwalimu aliporudi, siku ya nne, alishangaa. Daftari zote zilikuwa na kosa moja. Alimwita yule mvulana, wala hakumpiga. Alimwambia: «Mwanangu, nenda mwenyewe ukawaambie.» Mvulana aliingia katika kalasi, akainamisha kichwa, akasema kwamba saba mara nane ni 56, na kwamba yeye ndiye aliyekosa. Wadogo walisikia, wakafuta. Lakini hata juma lililofuata wengine walijibu 54 bado, kwa sababu ndivyo walivyoimba siku ya kwanza. Mvulana alilazimika kukaa nao jioni nyingi, akianza tena na tena. Kosa liliingia kwa saa moja, na kulitoa kulimgharimu mwezi mzima. Angefungua kitabu, angepata haya ya dakika moja tu.

2. Kukaa miguuni pa mwalimu

Yezu alisema kwamba mfuasi hampiti mwalimu wake. Ili kufahamu neno hilo, inafaa kujua namna watu walivyojifunza wakati ule.

Vitabu vilikuwa vichache na vya bei kubwa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi au juu ya mafunjo, kisha kikakunjwa kama mkeka. Mwanafunzi hakuwa na kitabu chake cha kupeleka nyumbani. Kitabu chake kilikuwa mwalimu mwenyewe. Alikaa chini mbele yake, akasikiliza, akarudia maneno mpaka aliposhika yote kichwani. Mtakatifu Paulo alisema kwamba yeye alilelewa Yerusalemu miguuni pa mwalimu Gamalieli. Maana yake, alikuwa mwanafunzi wake.

Lakini mfuasi hakujifunza maneno tu. Alitembea na mwalimu njiani, akala naye, akamwona akisali, akamwona akijibu watu wenye hasira na watu wenye huzuni. Hivyo alijifunza kazi pamoja na mwenendo.

Vilevile kando ya ziwa Tanganika mtoto wa mvuvi hajifunzi kazi kwa kusikia habari zake tu. Anaingia katika mtumbwi pamoja na baba yake. Kwanza anakaa kimya na kutoa maji kwa kibuyu. Kisha anashika kafi. Baada ya miaka anajua kusoma upepo na mawimbi, naye anaachiwa usukani. Mtoto anayetaka kushika usukani siku ya kwanza atauzamisha mtumbwi, pamoja na baba yake ndani.

Mitume waliishi na Yezu namna hiyo. Tena kulikuwa na tofauti moja kubwa. Yezu mwenyewe ndiye aliyewachagua. Hakuchagua wakubwa na wenye elimu nyingi. Wanne kati yao walikuwa wavuvi, na mmoja alikuwa mtoza kodi, mtu aliyechukiwa na wenzake. Hawakufahamu upesi. Mara nyingi aliwaeleza jambo, nao wakauliza tena. Walishindana pia nani kati yao ni mkubwa. Siku ya mwisho, wakati wa karamu, Yezu alichukua maji na kitambaa akawaosha miguu, kazi iliyofanywa na watumishi. Kisha akawaeleza kwamba kama yeye, Bwana na Mwalimu, amefanya hivyo, wao pia hawana budi kuoshana miguu. Hapo walifahamu maana ya kutompita mwalimu. Mwalimu akishika beseni la maji, mfuasi hawezi kusema kwamba kazi hiyo ni ya chini.

3. Nyavu zilizopasuka

Yezu aliongeza neno la matumaini: mfuasi akiisha kutengenezwa vizuri, atafanana na mwalimu wake.

Mtakatifu Luka aliandika Evanjili yake kwa lugha ya Kigiriki. Neno la Kigiriki aliloandika hapa, «kutengenezwa», ni neno lile lile ambalo Mtakatifu Mateo na Mtakatifu Marko waliandika mahali pengine. Yezu alipopita kando ya ziwa la Galilaya, aliwaona Yakobo na Yoane, wana wa Zebedayo, ndani ya chombo, wakitengeneza nyavu zao. Neno ni moja. Mvuvi anatengeneza wavu, na mwalimu anatengeneza mfuasi.

Watoto wa kando ya ziwa wanajua kazi hiyo. Wavuvi wanavua ndakala usiku, kwa mwanga wa taa. Asubuhi wanaanika nyavu juu ya mchanga, wanazitazama polepole, kipande kwa kipande. Penye tundu wanashona kwa uzi. Hakuna mvuvi anayetupa wavu wake kwa sababu ya tundu moja. Lakini pia hakuna mvuvi mwenye akili anayeliacha tundu hilo, kwani usiku wa leo samaki watapita hapo, na kesho tundu litakuwa kubwa zaidi.

Petro ni mfano wa wavu uliopasuka ukatengenezwa. Alimpenda Yezu sana, akaahidi kufa pamoja naye. Lakini usiku ule Yezu alipokamatwa, Petro aliogopa. Alisema mara tatu kwamba hamjui mtu huyo. Yezu akageuka, akamtazama. Petro akatoka nje, akalia kwa uchungu.

Je, Yezu alimtupa? Hapana. Baada ya kufufuka alimngojea kando ya ziwa asubuhi, penye moto wa makaa, akampa mkate na samaki. Kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda. Petro alikana mara tatu, naye alijibu mara tatu. Kila mara Yezu alimkabidhi kondoo wake. Tundu lilishonwa pale pale lilipopasuka. Mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba mwishowe Petro aliuawa Roma juu ya msalaba, kama Bwana wake. Mfuasi alikuwa amefanana na Mwalimu.

4. Kibanzi na boriti

Sasa neno la tatu. Yezu alikuwa seremala. Alijua unga wa mbao unaoruka wakati wa kukata kwa msumeno, na kibanzi kidogo kinachoingia jichoni na kuleta machozi. Alijua pia boriti. Nyumba za Galilaya zilikuwa na dari ya bapa. Watu waliweka miti minene toka ukuta mpaka ukuta, wakaweka juu yake matawi na matete, kisha wakapaka udongo. Mti huo mnene ndio boriti. Watu wawili wanahitajiwa ili kuuinua.

Basi fikirini mtu mwenye boriti jichoni, anayemwendea mwenzake na kumwambia: «Ndugu, ngoja nikutoe kibanzi chako.» Kwanza atampiga mwenzake kichwani kwa boriti yake! Jambo hilo linachekesha. Lakini baada ya kucheka, mtu anakumbuka aliyoyasema jana juu ya jirani yake.

Watu wengine wanafikiri kwamba Yezu alikataza kumwonya mwenzio. Sivyo. Yezu alisema: toa kwanza boriti yako, ndipo utakapoona vema na kutoa kibanzi cha ndugu yako. Kibanzi kinaumiza, ni vizuri mtu akitoe. Lakini inafaa kujua namna ya kukitoa.

Mama anajua namna hiyo. Mtoto akiingiwa na uchafu jichoni, mama ananawa mikono. Anamketisha mtoto penye mwanga, anamshika kichwa kwa upole, anasema naye maneno ya kumtuliza. Kisha anagusa jicho kwa ncha ya kitambaa safi. Hapigi kelele. Haiti majirani waje kutazama. Mtu anayetaka kutoa kibanzi kwa hasira, au mbele ya watu wanaocheka, atalitoboa jicho.

Yule mvulana wa kalasi ya sita alifahamu jambo hilo. Zamani aliwacheka wadogo walipokosa hesabu. Baada ya siku ile ya 54 hakucheka tena. Mtoto alipokosa, alikaa karibu naye, akasema polepole: «Mimi pia nilikosa hapo. Tuhesabu pamoja.» Naye mtoto hakuogopa kuuliza.

5. Mfuasi mmoja wa Kongo

Wako watu wengi katika Kongo walioanza kama wanafunzi wadogo na baadaye wakawa walimu. Mmoja wao ni Stefano Kaoze.

Alikuwa mtu wa nchi ya kando ya ziwa Tanganika. Mwaka wa 1885 Mapadri Weupe walifika Mpala, na baadaye walifungua seminari huko. Kaoze aliingia kusoma akiwa kijana. Masomo yalikuwa marefu na magumu. Alijifunza Kifaransa na Kilatini, akajifunza elimu ya Mungu. Wenzake wengi walioanza naye hawakufika mwisho. Yeye alidumu. Tarehe 21 Julai 1917, katika misioni ya Baudouinville, karibu na mahali panapoitwa leo Moba, Askofu Victor Roelens alimpa Daraja Takatifu. Ndiye padri wa kwanza mzaliwa wa nchi iliyoitwa wakati ule Kongo ya Wabelgiji.

Siku zile watu wengine, hata wenye elimu, hawakusadiki kwamba mtoto wa Afrika anaweza kusimama altareni sawasawa na mwalimu wake mgeni. Kaoze hakuwajibu kwa kelele. Aliwajibu kwa miaka mingi ya kujifunza na ya kazi. Alihifadhi pia maarifa ya wazee wake. Kabla ya kuwa padri aliandika kwa Kifaransa juu ya akili na mawazo ya watu wa Afrika. Alifariki mwaka wa 1951. Baada yake walikuja mapadri wengi wazaliwa wa Kongo, kisha maaskofu. Walimu wake hawakupungukiwa kitu kwa sababu mwanafunzi wao alifanana nao. Hiyo ndiyo furaha ya mwalimu mwema: hataki mwanafunzi abaki chini siku zote, anataka amtengeneze mpaka afike.

6. Fimbo mkononi mwa mtoto

Mtoto wa shule anaweza kusema: «Maneno hayo ni ya mapadri, ya makatekista na ya walimu. Mimi ni mwanafunzi tu.» Lakini nyumbani yuko mdogo wake. Mdogo huyo anatazama. Kaka akisali, naye anafunga mikono. Kaka akitukana, naye anashika neno hilo upesi kuliko sala. Dada akidanganya mama juu ya unga uliomwagika, mdogo anajifunza kudanganya. Hakuna aliyewaita kaka na dada walimu, hata hivyo wanafundisha kila siku. Ncha ya fimbo iko mkononi mwao.

Basi mtoto afanye nini? Akubali kwanza kuwa mfuasi. Asipojua, aulize bila haya. Akikosa, aseme: «Nimekosa,» kisha atengeneze. Akiona kosa la mwenzake, ajitazame kwanza mwenyewe, halafu amsaidie kwa upole, wawili peke yao. Na kila jioni, kabla ya kulala, ajiulize kama mvuvi mbele ya wavu wake: leo tundu liko wapi?

Yule mzee kipofu hajui njia ni ya namna gani. Anajua mkono wa mjukuu tu. Akisikia fimbo inasimama, naye anasimama. Fimbo ikienda, anaenda. Amemkabidhi mtoto miguu yake na maisha yake, wala hamwambii neno. Mjukuu anajua, ndiyo maana haachi kutazama mbele.

Maulizo

1. Yezu alifanya nini usiku ule kabla ya kuchagua Mitume?
2. Kwa sababu gani watu wa Palestina walichimba mashimo katika mwamba? Eleza namna yalivyokuwa.
3. Kwa nini babu kipofu hamwogopi mjukuu wake mdogo?
4. Mvulana wa kalasi ya sita alikosa mara moja au mara mbili? Kosa lipi lilikuwa kubwa zaidi: kutojua hesabu, au kuona haya kufungua kitabu?
5. Petro alipasuka wapi, naye Yezu alimtengeneza namna gani?
6. Mama hufanya nini kabla ya kutoa uchafu jichoni mwa mtoto? Hiyo inatufundisha nini juu ya kumwonya mwenzio?
7. Stefano Kaoze alipewa Daraja Takatifu mwaka gani, na mahali gani?
8. Nani nyumbani kwako anakutazama na kukufuata? Andika mistari mitano.